Habu tatu, zote za kulia

Habu ya kwanza, kile kifungio cha katikati ya gurudumu la mbele, ilinifia Gazi, maji yamekupwa, nami nimeteremka na pikapu hadi mchangani karibu na mashua. Nyuma nina kreti za samaki na barafu inayoyeyuka. Nilipokanyaga mafuta nikasikia "kta!" mbele kulia, kisha mkwaruzo wa meno yanayorukana. Magurudumu ya nyuma yakaanza kujichimbia kaburi. Vijana wa mashua walinisukuma hadi juu, na malipo yao waliyachagua wenyewe kwenye kreti.

Gari lenyewe ni dizeli la mwaka 1994, la zile pikapu ambazo ukitaka foo wili, yaani magurudumu yote manne yavute, huna budi kushuka, uinamie kila gurudumu la mbele na kuzungusha kitasa kwa mkono, ndipo urudi ndani uvute ile gia ndogo ya foo wili. Ukizungusha kitasa, pete yenye meno inateleza ndani ya habu na kuishika shafti pamoja na gurudumu. Ukikifungua, shafti inalala na gurudumu linazunguka peke yake.

Fundi wangu wa wakati huo alinifungia habu ya mtumba. Miezi mitatu. Ya pili haikuvunjika meno, ila stadi, zile boliti zinazoishikilia, nne kati ya sita zilikatika kama njiti. Nikasema mtumba hauna uhai, nikajikaza nikanunua mpya kabisa, bei ambayo mke wangu hadi leo sijamtajia. Haikumaliza wiki saba.

Hapo ndipo akili ilinijia, tena kwa kuchelewa: zote tatu zilikuwa za kulia. Ya kushoto ni ile ile niliyonunua nayo gari. Kama ni mchanga, kama ni chumvi, kama ni uendeshaji wangu mbaya, mbona kushoto hakuguswi?

Nikampelekea mzee mmoja mwenye gereji ya mabati upande wa Likoni.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Hiyo habu waivunja wewe au wavunjiwa?"

Hakuigusa habu. Alipiga jeki, akashika tairi juu na chini, akalitikisa. Likacheza. Mimi mwenyewe nililisikia, tk, tk. Akaenda upande wa pili, akatikisa la kushoto: kimya.

"Habu haina kosa," akasema. "Beringi ndiyo iliyolewa."

Tulipofungua, grisi ilikuwa nyeupe kama tui. Maji ya bahari yalikuwa yameingia, maana sili ya nyuma, ile raba ya kuzuia maji, ilikuwa imekatika midomo. Na ile nati kubwa inayokaza beringi ilikuwa na makovu ya patasi pande zote. Nati hiyo ina soketi yake, milimita 54, lakini fundi wangu alikuwa akiikaza kwa patasi na nyundo. Kwa mtindo huo huwezi kujua umekaza kiasi gani. Beringi ikilegea, gurudumu linayumba, na habu iliyofungwa juu yake inayumba nalo huku shafti iliyo ndani haitaki kuyumba. Meno na stadi ndivyo vinavyolipa.

Kisha akaniuliza vikoni viko wapi. Vikoni gani? Akanionyesha kwenye habu ya kushoto: chini ya kila nati kuna kiwosha chenye umbo la koni, kimepasuliwa ubavuni, kinachojibana kati ya stadi na tundu ili habu isisogee hata unywele. Sita kila upande. Kulia nilikuwa na viwili. Vingine vilipotelea mchangani wa gereji siku ile ya kwanza, nadhani, na hakuna aliyeona haja ya kuvitafuta.

Dhambi moja ilikuwa yangu. Nikitoka mchangani nilikuwa naiacha gari kwenye foo wili, napanda lami vivyo hivyo hadi feri, kwa uvivu wa kuvuta gia. Gari la aina hii linafunga mbele na nyuma zizunguke sawa. Kwenye kona magurudumu ya mbele yanakwenda mwendo mrefu zaidi, na lami haiteleziki kama mchanga, basi nguvu inajisokota kwenye shafti hadi mnyonge apasuke. Mnyonge wangu alikuwa anajulikana.

Beringi mpya, sili mpya, stadi na vikoni sita. Mzee alikaza nati huku akilizungusha gurudumu, akailegeza, akaikaza tena kidogo. Kisha akaomba kitu ambacho sikukitarajia: mizani yangu ya samaki, ile ya ndoano. Akaitia kwenye stadi ya gurudumu, akavuta polepole akisoma ni kilo ngapi linapoanza kuzunguka, akarekebisha mara mbili hadi akaridhika. Kipimo chake kimo katika kitabu cha gari. Ndani ya habu alipaka grisi nyembamba tu, maana ikijazwa pete inakwama na kitasa hakifungi sawasawa.

Baada ya wiki mbili nilirudi akaitikisa tena. Nati moja tu ilidai robo mzunguko. Huu ni mwezi wa kumi na moja tangu hapo, habu ni ile ile. Mizani ndiyo imeharibika: inanuka grisi, na mama ninayemuuzia samaki aina ya changu amekataa katakata kupimiwa nayo.