Nilivyopima joto la maji ya chini katika Ziwa Victoria, nje ya Kayenze

Chanzo ni swali la mwanafunzi. Nilikuwa nafundisha kuhusu Mlango-bahari wa Fram, kati ya Greenland na Svalbard: maji baridi ya ncha ya kaskazini hushuka kusini na barafu yake, na maji ya Atlantiki, yenye joto zaidi, hupanda kaskazini kisha huzama chini ya yale baridi kwa sababu yana chumvi nyingi na ni mazito. Binti mmoja, mtoto wa mvuvi wa dagaa, akauliza, “Mwalimu, na ziwa letu huko chini likoje?” Nikamjibu ni baridi. Akauliza nimepima lini.

Nikaanza kwa kufunga kipimajoto kwenye kamba. Upuuzi mtupu; kilifika juu kimeshasahau kilikotoka. Nikajaribu chupa ya kioo yenye kizibo cha kuvutwa kwa uzi wa pili. Kabla haijafika mita 15, maji yakakisukuma kizibo ndani ya chupa.

Kilichofaa ni kipande cha bomba la plastiki la inchi 3, wazi juu na chini, chenye vifuniko vya mpira wa tyubu vinavyofunguka bomba likishuka na kujifunga likivutwa. Nikalivika sponji la godoro ili maji yasipate joto njiani.

Baba yake yule binti ndiye aliyetupeleka kwa mtumbwi wake. Nilikuwa nahesabu mafundo ya kamba kwa majivuno, akanikatiza: “Mwalimu, kamba yako imelala. Hizo siyo mita 20.” Kweli, mkondo ulikuwa umelibeba bomba upande. Tukatia nanga, tukafunga jiwe zito zaidi. Hata kule Fram, ambako vipimo huachwa majini mwaka mzima au zaidi kwenye waya wenye nanga chini na maboya juu, mkondo huulaza waya. Ndiyo maana hufungwa pia vipima msukumo wa maji, ili kina halisi kijulikane. Mzee huyu alitumia macho.

Siku ile ya Machi tulipata nyuzi 25.9 juu, 25.6 kwenye mita 10, na 24.4 kwenye mita 20.

Julai nikarudi, kusi likiwa limekwisha kulikoroga ziwa. Juu na mita 20 vilipishana kwa nyuzi 0.1 tu. Nikadhani bomba linavuja, nikarudia mara tatu. Halikuvuja.