Shela lililoungua kwa mwanga

Jumapili, usiku.

Nimefungua picha za harusi ya jana mara tatu, na kila mara narudi kwenye zilezile ishirini na kitu za maharusi wakicheza muziki wao wa kwanza. Nyuso ziko sawa kabisa. Shela limeungua. Mama mdogo wa bi harusi alilidarizi kwa mkono wake. Asubuhi alinionyesha ua moja baada ya jingine. Kwenye picha hizi hakuna ua hata moja, ni weupe mtupu.

Nilikuwa na flashi tatu. Mbili kwenye stendi nyuma ya jukwaa, kundi B, nimezipangia nguvu kwa mkono, 1/16 ya nguvu yao yote. Ya tatu imo ndani ya softboksi, kisanduku cha kitambaa kinacholainisha mwanga, kijana wangu ameibeba kwenye fimbo, kundi A, kwenye TTL, yaani kamera ndiyo inayoamua nguvu yake. Bado naamini kuchanganya hivi ndiyo njia ya ukumbini. Stendi hazitembei. Kijana anawafuata maharusi, sasa yuko mita mbili, mara mita nne, na umbali ukizidi mara mbili mwanga unaowafikia ni robo. Nani atapiga hesabu hiyo katikati ya vigelegele? TTL inaipiga: flashi inatoa mmuliko mdogo wa kupima, kamera inausoma kupitia lenzi, kisha inaamua nguvu ya mmuliko wenyewe. Si jambo jipya. Flashi ya Nikon SB-800 ya mwaka 2003 tayari iliruhusu kundi moja liwe TTL na jingine liwe la mkono.

Wapo wanaonishauri niweke zote TTL. Nilishajaribu. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu, kamera inadhani mwanga umezidi, inabana; ikija suti nyeusi, inaachia. Taa za nyuma zikiyumba hivyo, picha mbili zilizofuatana hazifanani.

Jana nilikuwa ISO 800, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, na tundu la lenzi f/4. DJ akawasha taa zake za rangi, ukumbi ukapendeza, nami nikatamani rangi zile ziingie kwenye picha. Nikapandisha ISO hadi 1600. Kundi A likajirekebisha: kamera ikapima upya, ikapunguza nguvu, nyuso zikabaki vilevile. Nikazitazama kwenye skrini nikaridhika. Kijana akaniuliza, "Kaka, za nyuma tushushe?" Nikamwonyesha dole gumba, tuendelee.

Kundi B halikupungua. Flashi iliyopangwa kwa mkono haishiriki kwenye kupima, kamera haihesabu mwanga wake, na kwa ISO ile mwanga uleule ulikuwa na uzito mara mbili. Tena maharusi walikuwa wamerudi nyuma wakicheza, kutoka kama mita sita hadi mita tatu hivi kutoka kwenye stendi. Hiyo ni mara nne. Zidisha, unapata mara nane, na yote yanapita kwenye kitambaa chepesi cheupe. Nilipaswa kushusha kundi B kutoka 1/16 hadi 1/128, ambayo kwa flashi zangu ndiyo mwisho wa kushuka. Ningeifanya palepale kwenye triga, kile kifaa cha juu ya kamera kinachoamuru flashi kwa mbali, bila hata kuzisogelea stendi.

Kinachoniuma ni kwamba uso uliotoka vizuri ndio ulionificha. Nilitazama sehemu ambayo kamera inailinda yenyewe, nikaiacha ile niliyojikabidhi mimi.

Leo nimeshinda na picha ghafi, moja moja, nikivuta mwanga chini. Kwenye saba maua yamerudi, hafifu lakini yanahesabika. Kwenye nyingine hakuna cha kuvuta. Kesho nitampigia bi harusi nimweleze kabla hajaziona, kisha nimwombe kitu kimoja: mama mdogo aje na shela, nilipige picha peke yake, karibu na dirisha, bila flashi.