Sabini na nane, kisha mbili

Usiku wa kuamkia leo niliiacha kompyuta ikihesabu mwendo wa molekuli 900 za maji zilizobanwa kati ya kuta mbili za grafiti, na asubuhi nililiinamia jedwali la matokeo kabla hata ya kuchemsha chai. Nilitaka kujua jambo moja tu: maji yaliyobanwa kiasi hicho hudhoofisha kwa kiasi gani kani ya umeme kati ya chaji mbili.

Shuleni tulikariri kwamba kwenye nyuzi 25 maji huidhoofisha kani hiyo takriban mara 78, na ndiyo maana ioni za sodiamu na kloridi huachana kwa urahisi chumvi inapotiwa ndani yake. Kwa miaka mingi niliichukulia 78 kuwa sifa ya maji yenyewe, kama utamu ulivyo sifa ya sukari. Kumbe ni sifa ya umati. Molekuli moja ina chaji hasi kidogo upande wa oksijeni na chanya upande wa haidrojeni zake mbili, basi. 78 huja pale molekuli nyingi mno zinapogeuka pamoja, kila moja ikivutwa na jirani zake, kuikabili chaji iliyoingia kati yao.

Modeli ya kompyuta ninayoitumia kuiga maji ni SPC/E ya mwaka 1987, ambayo huichora molekuli kwa nukta tatu: oksijeni yenye chaji ya −0.8476 na kila haidrojeni +0.4238 (kizio ni ukubwa wa chaji ya elektroni moja), nazo hazibadiliki kamwe. Ni uongo wa makusudi. Molekuli iliyo peke yake katika mvuke ina dipoli, yaani kipimo cha jinsi chaji yake hasi na chanya zilivyotengana, ya debye 1.85 (debye ndiyo kizio chake), lakini hii imepewa 2.35, kwa sababu athari ya majirani imeingizwa humo tangu mwanzo. Binafsi nauheshimu uongo huu, maana kwa nukta tatu tu unanipatia kiasi cha 70 katika maji ya kawaida.

Shida ni kwenye nyufa. Mwaka 2018 watafiti wa Manchester walitangaza vipimo vya maji katika mianya yenye kimo cha hadi takriban nanomita moja tu, na kwa mwelekeo wa kukatiza tabaka la maji, yaani kutoka ukuta hadi ukuta, wakapata takriban 2 tu, kwa kuwa molekuli zilizo kando ya ukuta hushindwa kugeuka. Jedwali langu nalo lilishuka, nikafurahi kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha nikakumbuka kwamba elektroni peke yake, hata molekuli zikitulia tuli, huchangia karibu 1.8, yaani mraba wa 1.33, ile namba inayoeleza jinsi maji yanavyoupinda mwanga. Kwa hiyo karibu yote yanayosalia katika ile 2 ni kazi ya elektroni, na elektroni ndizo hasa modeli yangu isizo nazo, kwa vile chaji zake zimepigiliwa misumari mahali pake.

Jioni hii nimeanza kuifungia oksijeni chaji ndogo kwa springi, ili iyumbe uga wa umeme unapoivuta. Lakini kwanza sina budi kuzipunguza zile chaji tatu hadi dipoli irudi 1.85, la sivyo nitakuwa nimewahesabu majirani mara mbili.