Baba, noti ya faranga mia, na filamu za Jia Zhangke

Baba alifanya kazi miaka 27 kwenye tanuru la shaba hapa Lubumbashi. Siku walipoondolewa yeye na wenzake, walipewa bahasha wakaambiwa watie sahihi. Tangu hapo sijawahi kumwona akitazama filamu mpaka mwisho. Jumapili alitazama.

Ilikuwa Still Life ya Jia Zhangke, mwongozaji filamu Mchina aliyezaliwa mwaka 1970 Fenyang, katika mkoa wa Shanxi wenye makaa ya mawe. Filamu hiyo ilipata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Venice, mwaka 2006. Mchimba makaa anafunga safari hadi Fengjie, kando ya mto Yangtze, kumtafuta mke aliyemkimbia miaka 16 iliyopita. Mtaa ulio kwenye anwani aliyonayo umeshamezwa na maji ya bwawa la Three Gorges, na mji uliobaki unabomolewa kwa nyundo.

"Huyu si mwigizaji," baba akasema. Kweli. Han Sanming, anayemcheza mchimba makaa huyo, ni binamu yake Jia, na makaa amechimba kwelikweli. Baba alimjua kwa mabega tu.

Kuna mahali Han Sanming anashika noti ya yuani 10 yenye picha ya korongo la Kuimen, na korongo lenyewe liko mbele yake. Baba akaniambia, "Simamisha kidogo." Akatoa mfukoni faranga 100, akaigeuza: huku tembo, huku bwawa la umeme la Inga, kwetu Kongo. Akaisogeza karibu na kioo cha kompyuta, akakaa hivyo kitambo kirefu.

Jia alianza bila kibali cha serikali. Filamu yake Xiao Wu ya mwaka 1997 na mbili zilizofuata hazikuruhusiwa katika majumba ya sinema ya kwao. The World, mwaka 2004, ndiyo ya kwanza kupata ruhusa. Mwaka 2008 akatoa 24 City, juu ya kiwanda cha injini za ndege Chengdu kilichopisha nyumba za kifahari. Humo wafanyakazi wanasimulia maisha yao, lakini aliwachanganya na waigizaji. Hapo simuungi mkono. Wafanyakazi wenyewe walitosha.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba huyu mtu hatupilii mbali picha alizopiga. Caught by the Tides ya mwaka 2024 imeshonwa kwa vipande alivyoanza kupiga mwaka 2001. Mkewe, Zhao Tao, ni binti mwanzoni. Mwishoni ni mtu mzima, na hakuna aliyempaka rangi za uzee. Ni miaka yenyewe iliyopita usoni.

Mimi, katika kambi ya wafanyakazi tulimokulia, nimebaki na picha moja: mama mlangoni, mikononi sufuria ya bukari, yaani ugali.

Jana jioni nimeweka simu mezani, nikabonyeza kurekodi. Baba ameanza na siku yake ya kwanza kazini. Viatu walivyompa vilimzidi, akavijaza magazeti mbele, akaingia zamu ya usiku.