Siku moja maishani mwangu: usiku wa Adesanya na Du Plessis katika banda la Mwanjelwa

Wazee wa kanisani kwetu wakisikia kwamba ninaendesha kibanda umiza, yaani banda la kuonyesha mpira na ngumi kwa kiingilio, huniuliza kwa upole kama mjomba hakuweza kunitafutia kazi nyingine. Banda ni la mjomba, mimi ndiye ninayelisimamia: lina kuta za mbao, paa la mabati na mabenchi yasiyo na migongo, nalo liko nyuma ya maduka ya mitumba hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Wengi wanaamini kwamba kazi yangu ni kukaa mlangoni, kupokea shilingi mia tano za kiingilio na kutazama mpira bure. Ndiyo maana nimeamua kuieleza siku moja kamili, ile iliyoanza Jumamosi ya tarehe 17 Agosti 2024 na kumalizika Jumapili mchana, siku ambayo Israel Adesanya alipigana na Dricus du Plessis kugombea mkanda wa UFC, shirika la mapambano ya ngumi, mateke na mieleka.

Saa nane mchana nilifungua, nikafagia, nikanunua umeme wa kutosha kufika asubuhi, kisha nikaandika ratiba kwa chaki kwenye ubao wa nje. Saa kumi na moja jioni Arsenal waliifunga Wolves mabao mawili kwa bila, saa moja na nusu usiku Aston Villa wakashinda ugenini kwa West Ham, na baada ya hapo niliweka filamu moja iliyotafsiriwa kwa ajili ya wale wasiopenda kurudi nyumbani mapema. Saa tano nilitoa watu wote nje. Hilo huwaudhi baadhi yao kila mara, kwa kuwa hudhani tiketi ya mpira inaweza kuwafikisha hadi kwenye ngumi za alfajiri. Haiwezi. Usiku wa mapambano una kiingilio chake, nacho ni shilingi elfu moja.

Hapa niwaeleze wasiofuatilia mchezo huu kwa nini tunakesha. Pambano lilifanyika Perth, Australia, lakini ratiba ya UFC hupangwa kumfaa mtazamaji wa Marekani aliyeketi sebuleni Jumamosi usiku. Kwa hiyo mapambano makuu yalianza saa nne usiku kwa saa za New York, saa nne asubuhi ya Jumapili kwa watu wa Perth, na kwetu saa kumi na moja alfajiri. Saa hizo, mwezi wa Agosti, Mbeya si mahali pa kukaa kwenye banda la mabati. Baridi hushuka kutoka Loleza, hupenya katikati ya mbao, na mtu aliyekuja na shati la mikono mifupi hujuta kabla ya raundi ya kwanza.

Kati ya saa tano na saa nane usiku ndipo kazi isiyoonekana hufanyika. Nilihesabu fedha za mpira na kuziweka mbali na za usiku, nikajaza petroli kwenye jenereta (halikuwashwa hata mara moja, na mjomba bado ananiuliza habari za petroli hiyo), nikachemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria kubwa na kuwasha majiko mawili ya mkaa nje, kwani mkaa ndani ya banda lililofungwa unaua watu na siruhusu hata wakinibembeleza. Kijana wa bodaboda anayenisaidia mlangoni alifika saa nane kasoro, akaweka kiti chake, na tukaanza kupokea.

Wanaokuja usiku wa namna hii si wale wa mpira. Huja walinzi waliomaliza zamu, wauza chipsi waliokwisha kufunga vibanda vyao, madereva wa bajaji, wanafunzi wa vyuo, na madereva wa malori yanayosubiri kupambazuke ili yaendelee na safari ya Tunduma. Huja pia watu wenye mikeka ya kubeti, ambao mimi huwatambua kwa namna wanavyotazama simu kuliko skrini.

Saa nane na nusu akaingia mzee mmoja wa makamo mwenye koti refu la sufu, akalipa elfu moja kwa noti kuukuu, akachagua benchi la mbele kabisa na kuketi katikati yake kana kwamba amelinunua. Saa tisa mapambano ya utangulizi yakaanza. Zilipita kama dakika mbili.

"Dada, weka Adesanya."

Nilimweleza kwa adabu kwamba haya ni matangazo ya moja kwa moja, kwamba Adesanya yuko mwishoni kabisa, na kwamba sina uwezo wa kumleta mapema. Akaniitikia vizuri. Lilipokuja pambano la pili akasema kwamba amelipa fedha yake kwa ajili ya Adesanya na wala si kwa ajili ya watu hawa asiowajua. Nikarudia maelezo. Lilipokuja la tatu aligeuka nyuma na kuwahutubia wenzake kwamba mabanda ya siku hizi yamejaa udanganyifu, kwamba pale Mafiati liko banda ambalo mtu akisema anachotaka anawekewa. Kijana mmoja wa nyuma akamjibu, "Baba, nenda Mafiati basi," na watu wakacheka. Mzee hakucheka. Aliniita pembeni akaniuliza, sasa kwa sauti ya chini ya mtu anayetoa siri, kama kuna kiasi cha kuongeza ili pambano lisogezwe.

Wasiofanya kazi hii hawaijui sehemu hii inavyochosha. Huwezi kumfokea mteja aliyelipa, tena mwenye umri wa baba yako, na wakati huohuo huwezi kuwaacha wengine wakose kusikia kwa sababu yake. Nilimpa kikombe cha chai bila malipo. Akanywa, akashukuru, akauliza kama Adesanya yuko karibu. Nikampa andazi. Akala, akauliza tena. Baadaye nilianza kumjibu kabla hajauliza, nikisema tu, "Bado, baba," naye akawa anatikisa kichwa kama mtu aliyedhulumiwa ila ameamua kuwa muungwana.

Kazi yangu nyingine usiku huo ilikuwa kueleza. Zamani watu wetu walikuwa wakizomea mara tu wapiganaji wanapoanguka chini, wakisema wanakumbatiana na refa awatenganishe, kwa kuwa macho yao yalizoea masumbwi. Ilinibidi nisimame kando ya skrini na kuonyesha kwa mkono: tazameni mguu huu umefungwa hapa, huyu wa juu anatafuta mgongo, akiupata atapitisha mkono shingoni na hiyo ni kabali, yule wa chini asipogonga mkono kusalimu amri atazimia. Leo wateja wangu wanajua kwamba pambano la kawaida ni raundi tatu za dakika tano na la mkanda ni raundi tano, wanajua kwamba majaji watatu hutoa alama kumi kwa aliyeshinda raundi na tisa au pungufu kwa mwenzake, na hubishana nao vikali kana kwamba majaji wanasikia. Ninajivunia jambo hilo kuliko fedha za mlangoni.

Saa kumi na moja mapambano makuu yakaanza. Carlos Prates alimwangusha Li Jingliang katika raundi ya pili, na Jairzinho Rozenstruik akampita Tai Tuivasa kwa pointi za majaji wasioafikiana. Kisha akaja Dan Hooker dhidi ya Mateusz Gamrot, na hapo banda likachangamka, kwa sababu Hooker anafanya mazoezi na Adesanya katika kambi moja ya Auckland, New Zealand. Majaji wawili walimpa Hooker, mmoja akampa Gamrot, na walinzi wawili wa benchi la tatu wakaacha kusemeshana kwa sababu hiyo. Kai Kara-France, naye wa kambi hiyohiyo, alimmaliza Steve Erceg katika raundi ya kwanza, mbele ya watu wa Perth ambako ndiko nyumbani kwa Erceg. Wenye mikeka wakaanza kupeana mikono. Wenzake wawili wameshinda, Adesanya atashindwaje?

Ubishi mkubwa ulianza wakati wa kusubiri. Mwaka 2023 Du Plessis, Mzungu wa Afrika Kusini, alisema kwamba mikanda waliyoshinda Kamaru Usman mzaliwa wa Nigeria, Francis Ngannou mzaliwa wa Kameruni na Adesanya haikuletwa Afrika, ilikwenda Marekani na New Zealand, na kwamba yeye anayeishi na kufanya mazoezi Afrika ndiye atakayeuleta mkanda barani. Mwezi Januari 2024 aliutwaa kwa kumshinda Sean Strickland kule Toronto. Adesanya, aliyezaliwa Lagos, Nigeria, na kuhamia New Zealand na wazazi wake, maneno yale yalimuuma, na siku chache kabla ya pambano la Perth alitokwa machozi mbele ya waandishi wa habari.

Dereva mmoja wa lori, aliyesema kwamba amekwisha kupeleka mzigo hadi Afrika Kusini, alimtetea Du Plessis: anaishi Pretoria, analala Pretoria, mkanda uko Pretoria, mnataka nini zaidi? Mwanafunzi mmoja akasimama kumjibu kwamba mtoto aliyeondoka kwao na wazazi wake hafutiwi kwao kwa sababu ya kuondoka, na kwamba yeye mwenyewe amezaliwa Tukuyu na kusoma Dar es Salaam, je, si Mnyakyusa? Dereva akasema Unyakyusa ni jambo jingine. Mtu wa nyuma akauliza kwa nini ubishi wa nani ni Mwafrika umeanzishwa na Mzungu. Pakawa na ukimya mfupi, kisha watu wote wakazungumza kwa pamoja. Mimi, kama msimamizi, sina upande. Kama mtu, naliona swali la yule wa nyuma kuwa ndilo lililokuwa na maana kuliko yote yaliyosemwa usiku ule, ingawa Du Plessis naye hakusema uongo kuhusu mahali anapolala.

Kulikuwa kumepambazuka. Mwanga ulipenya kwenye matundu ya misumari na kuifanya skrini ififie, nikalazimika kutundika kanga mbili na turubai upande wa mashariki. Baadhi ya watu walikuwa tayari wamevaa nguo za ibada chini ya makoti, na mmoja, ambaye ninajua huimba kwaya, alikuwa akitazama saa kila dakika. Pambano lilianza asubuhi hiyo wakati kengele za kanisa zikisikika, na hakuondoka.

Raundi ya kwanza Du Plessis aliingia kwa nguvu, na katika ya pili alimbana chini kwa muda mrefu. Raundi ya tatu Adesanya alianza kumpata tumboni, na mpaka katikati ya raundi ya nne banda zima lilikuwa limesimama, kwa kuwa Du Plessis alionekana kuhema na kuchoka. Halafu akarusha ngumi za kushoto zilizomyumbisha Adesanya, akamfuata hadi kwenye uzio, akamwangusha, akauchukua mgongo. Sikuhitaji kueleza chochote. "Kabali!" walipiga kelele kabla mkono haujafika shingoni, na Adesanya akagonga.

Sauti iliyofuata haikuwa ya kushangilia wala ya kuomboleza. Dereva wa lori alisimama juu ya benchi peke yake. Mwanafunzi wa Tukuyu alikaa chini na kufunika uso kwa kofia. Mwenye mkeka mmoja alichana karatasi, kisha akakumbuka kwamba mkeka wake uko kwenye simu na karatasi ile ilikuwa risiti ya mtu mwingine. Mwanakwaya akatoka mbio.

Hapo ndipo nilipomtazama mzee wa koti la sufu. Alikuwa amelala. Kidevu kilikuwa kifuani, kikombe changu kikiwa bado mkononi, na kelele zote zile hazikumgusa. Kijana wa mlangoni alimtikisa bega, naye akafumbua macho, akatazama skrini ambako Du Plessis alikuwa akifungwa mkanda kiunoni, akasema, "Dada, weka Adesanya."

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba sikumbuki vizuri nilichojibu. Ninachokumbuka ni kwamba alidai kurudishiwa shilingi elfu moja, kwa hoja kwamba kitu alichokilipia hakukiona, na kwamba wajibu wa kumwamsha ulikuwa wangu kwa kuwa nilijua vema alichokuja kutazama. Alitoa hoja hiyo kwa utulivu wa wakili. Nikamwambia kwamba chai na andazi havikuwa kwenye bei. Akasema hakuviomba. Ni kweli, hakuviomba. Wauza chipsi wawili walijitolea kutuamua, mmoja akaniunga mkono na mwingine akamuunga yeye, na dakika nyingi zikapita hivyo huku jua likizidi kupanda na benchi la mbele likiwa haliwezi kufagiliwa kwa sababu mdai ameliketia. Hatimaye alisimama, akakunja koti, akatangaza kwamba kama angekuwa macho Adesanya asingepigwa, akaenda zake.

Baada ya hapo sina hakika na saa. Nilifagia maganda ya karanga, nikaosha vikombe, nikalala juu ya mabenchi mawili yaliyounganishwa hadi mchana. Nilipoamka niliandika ubaoni Simba na Tabora United, kisha Chelsea na Manchester City, na chini yake kwa herufi ndogo nikaandika kwamba kabla ya mpira yatakuwapo marudio ya pambano, kiingilio shilingi mia tano.

Mzee wa koti alikuwa wa kwanza kufika. Aliusoma ubao wote, akanipa mia tano bila neno, akaketi benchi lilelile, na raundi ya kwanza ilikuwa haijaisha alipoanza kuwaeleza vijana wawili waliokuja kusubiri Simba kwamba Adesanya hana mtu wa kumpiga.