Uganda ipi?

Swali lenyewe lilikuwa la maneno mawili tu. Siku ya nne tangu nishuke botini Mkoani, nimekaa barzani Chake Chake na kikombe cha kahawa, nawahadithia vijana habari za 1995. Nawaambia sisi hawa hawa Wazanzibari, watu wa karafuu na dagaa, tulikwenda Uganda, tukafika fainali ya Chalenji, kombe la soka la Afrika Mashariki na Kati, kwao huko huko, tukamchapa Mganda moja bila na kombe tukarudi nalo. Hadithi hiyo nimeisimulia Copenhagen miaka 23. Nimewasimulia Wadenmark, Wasomali, Waturuki, hata daktari wa meno nilimsimulia na pamba zimenijaa mdomoni. Mzee mmoja wa pembeni, ambaye tangu tukae hakuwa ametoa neno, akaitua dhumna yake, akanitazama.

"Uganda ipi?"

"Ipi vipi, mzee wangu? Uganda hii hii."

"Uganda B," akasema. "Timu ya pili ya wenyeji. Huyo ndiye tuliyemfunga." Akarudi kwenye dhumna zake.

Barza nzima ikaangua kicheko. Mpwa wangu akatoa simu, na kabla kahawa haijapoa jibu likapatikana: fainali ya 1995, Zanzibar 1, Uganda B 0. Iko wazi kama jua la saa sita.

Wallahi usiku ule sikulala. Kombe ni kombe, na lile ndilo la Chalenji la pekee tulilowahi kulichukua, hilo hakuna wa kutunyang'anya. Kilichonikosesha usingizi ni ile herufi. Siku ile nilikuwa chini ya mshelisheli wa bibi yangu, redio imetundikwa tawini, watu thelathini tumeizunguka. Mtangazaji aliitaja ile B, bila ya shaka yoyote aliitaja, tena si mara moja. Basi niliiangusha wapi? Labda ndani ya mashua ya kukimbilia Shimoni, Kenya, zilipolia risasi ule mwezi wa Januari 2001, wanaojua wanajua, tulipoacha vitu vizito zaidi ya herufi. Labda niliiacha mwenyewe kusudi, mwaka wa tatu au wa nne wa baridi, nilipoona hadithi inapendeza zaidi bila yake. Mtu akiwa mbali hana wa kumuuliza "ipi?"

Wenzangu wa ughaibuni mnaotaka kurudi, nasaha yangu ya kwanza ndiyo hiyo: hadithi zenu zihakikini kabla hamjapanda ndege. Huku wapo waliobaki, na wanakumbuka.

Najua mnasubiri niseme habari za majengo. Haya, nitasema haraka. Amaan, ule uwanja tuliojengewa na Wachina 1970, ulifunguliwa upya Disemba 2023 na sasa ni kitu cha kutazama, mapaa na viti kote. Nilisimama nje nikatafuta mahali tulipokuwa tukipenya bure, sikupajua. Barabara ni nzuri, vyakula ni ghali. Sina zaidi.

Lililonitoa roho ni jengine, nalo nitalieleza taratibu.

Nchi niliyokaa mimi ina mfalme mmoja na timu za taifa mbili ndani ya FIFA. Visiwa vya Faroe viko chini ya ufalme wa Denmark, watu wake ni elfu hamsini na kitu, yaani hawajazi hata wilaya moja ya Unguja, na tangu 1988 ni wanachama wa FIFA. Nilifanya kazi ghalani na Mfaroe mmoja. Huyo hakupita mwezi bila kunikumbusha Septemba 1990, walipomfunga Austria moja bila katika mechi yao ya kwanza ya mashindano. Mechi hiyo waliicheza huko Sweden kwa kuwa kwao hakukuwa na uwanja wa majani, na kipa wao alivaa kofia ya sufi yenye kishada. Mimi namjibu na 1995 yangu, isiyo na B. Yeye halafu anauliza, kwa nia njema kabisa: "Sasa mbona hatuwaoni kwenye mchujo wa Kombe la Dunia?"

Mweleze basi. Mwambie mlianza kucheza Kombe la Gossage 1949, na Kenya, Uganda na Tanganyika, miaka karibu arubaini kabla ya Wafaroe kuingia FIFA. Mwambie 26 Aprili 1964 ikaja Muungano. Mwambie michezo si jambo la Muungano, kila upande una chama chake na ligi yake, lakini mambo ya nje ni ya Muungano, na mlango wa FIFA uko nje. Mwambie Chalenji tunacheza kama Zanzibar, vilabu vyetu vinakwenda Afrika kama vya Zanzibar, lakini ikifika AFCON au Kombe la Dunia, Zanzibar inayeyuka kama sukari ndani ya chai. Na watu tuko 1,889,773 kwa sensa ya 2022. Mfaroe anatikisa kichwa. Anasema mambo hayo ni magumu. Kwake yalikuwa mepesi.

Ndiyo maana 2006 nilipanda basi kwenda Hamburg. Kulikuwa na mashindano ya timu zisizotambuliwa na FIFA, yakichezwa kwenye uwanja wa St. Pauli siku chache kabla ya Kombe la Dunia lenyewe kuanza huko huko Ujerumani. Tibet walikuwepo, Greenland, Gibraltar, Cyprus ya Kaskazini, na sisi. Tulikwenda Wazanzibari sita, tumevaa fulana nyeupe tulizozipaka kwa mkono bendera yetu mpya, ya mwaka uliopita tu. Kijani kilichuja jasho lilipoanza. Tulikuwa na furaha mpaka tulipojua kuwa aliyepewa ukocha wa timu yetu ni Oliver Pocher, mchekeshaji wa televisheni ya Kijerumani. Kamera zinamfuata yeye, Wajerumani wanacheka, na sisi tukacheka nao, ufanyeje? Hata hivyo vijana walicheza mpira wa kweli. Wakafika fainali, sare bila mabao na Cyprus ya Kaskazini, tukatolewa kwa matuta. Ndani ya basi la kurudi hakuna aliyecheka tena. Wachezaji wa kweli, kocha wa kuchekesha.

Wale Gibraltar tuliokuwa nao pale, watu wasiofika elfu arubaini, UEFA iliwapokea 2013 na FIFA 2016. Tuliwaona kwenye televisheni wakipigwa mabao mengi na wakubwa, na tukawaonea wivu hata kwa kupigwa kule.

Halafu 2017. Tarehe 16 Machi, Addis Ababa, mkutano mkuu wa CAF, shirikisho la soka la Afrika, ukatukubali: mwanachama wa 55, kamili, sawasawa na Misri na Nigeria. Siku hiyo hiyo Hayatou, rais wake wa miaka mingi, akaanguka kwenye uchaguzi na Ahmad wa Madagascar akakalia kiti. Copenhagen tulipika biriani ya mbuzi, tukakodi ukumbi, mtu mzima na ndevu zake nikalia mbele ya wanangu. Nikampigia Mfaroe simu usiku. Nikamwambia, nasi tumeingia.

Tumeingia miezi minne. Tarehe 21 Julai, Morocco, mkutano wa dharura ukatutoa. Huyo huyo Ahmad akasema nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, na kwamba katiba haikutazamwa sawasawa tulipopokewa. Mtu wa kisiwani, ona. Lau angekuwa mtu wa jangwani nisingesema kitu.

Mimi ile Julai niliihifadhi. Niliikunja na nguo za baridi, kila mwaka naitoa, naikung'uta, naivaa tena. Nilidhani huku nyumbani itakuwa ndiyo mazungumzo ya kila barza, na mimi nimechelewa tu kujiunga. Basi siku ya pili ya kukaa kwangu nikaianzisha: "Jamani, ile kesi yetu ya CAF imefikia wapi?"

Kimya. Si kimya cha hasira, afadhali kingekuwa hicho. Ni kimya cha watu wanaojaribu kukumbuka. Mmoja akasema, "Ah, ile ya zamani?" Mwengine akauliza Yanga inacheza saa ngapi.

Nilijihisi kama mtu aliyekuja na ubani mazikoni, akakuta khitma ilishasomwa na watu wamerudi makondeni.

Nimemletea mpwa wangu ile fulana ya Hamburg. Ana miaka 17, winga wa kushoto, anakimbia kama anadaiwa. Akaikunjua, akakitazama kile kijani kilichochuja, akaniuliza kwa adabu zote, "Mjomba, hii timu ya skuli gani?" Dada yangu akaondoka akacheke jikoni.

Nikamkalisha nikamsomesha. Akasikiliza, kijana ana heshima, halafu akanihesabia kwa vidole. Chalenji ya wakubwa mara ya mwisho kuchezwa ni 2019. Tangu hapo Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, wanakutana kwa kubahatisha. Mchezaji atajiuza vipi kwa mechi za kubahatisha? Fei Toto alikuwemo kikosi cha 2017, leo anajulikana kwa Yanga, kwa Azam, na kwa Taifa Stars iliyofuzu AFCON ya Morocco. Nadir Haroub Cannavaro, mtu wa Unguja, alivaa kitambaa cha unahodha cha Yanga na cha Stars. Hata kocha wa 2017, Hemed Morocco, siku zile ndiye aliyekuwa akiinoa Stars. "Sasa mjomba," akasema, "mimi nisubiri FIFA, au nende?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni nani wa kumwambia kijana wa Pemba asubiri? Mimi ambaye sikusubiri.

Lakini hiyo 2017 alinipa nafasi ya kulipa deni langu barzani, na sikuiacha. Nikarudi kwa yule mzee na maandishi mkononi. Disemba 2017, Kenya, miezi mitano baada ya kufukuzwa CAF. Tulimfunga Tanzania Bara mbili moja kwenye makundi. Nusu fainali tukakutana na Uganda, mabingwa watetezi, tukawatoa mbili moja. "Uganda ipi, mzee wangu?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Uganda," akakubali. "Hiyo ilikuwa Uganda."

Moyo ukatua. Kisha akaongeza, bila ya kuinua macho: "Na kombe je?"

Kombe lilibaki Machakos, tarehe 17 Disemba. Kenya waliongoza mapema, Khamis Mussa akarudisha mechi ikiwa inakwisha. Muda wa nyongeza wakaongoza tena, Khamis akarudisha tena. Mbili kwa mbili, matuta, Kenya tatu sisi mbili. Tulipomfunga B tulipata kombe, tulipomfunga mwenyewe tukarudi mikono mitupu. Mzee hakulisema hilo, wala hakuwa na haja.

Nasaha ya pili, na hii ni ya bure: msilete jezi za Ulaya. Wanazo, na wanawajua wachezaji kuliko nyinyi. Ya tatu, tiketi ya boti ya siku za sherehe za Mapinduzi kateni mapema, la sivyo mtasimama bandarini na mabegi kama mimi, na kijana wa dirishani atawauliza, "Wewe mgeni?"

Mwaka huo, 2025, Kombe la Mapinduzi halikuchezwa na vilabu. Miaka miwili mfululizo lilikuwa la Mlandege, na mara ya pili walimfunga Simba fainali, jambo ambalo mpwa wangu, Simba wa damu, hataki litajwe nyumbani. Safari hii ziliitwa timu za taifa, na zikaletwa Pemba, uwanja wa Gombani. Tarehe 3 Januari tukamfunga Bara moja bila. Tarehe 13 fainali, sisi na Burkina Faso.

Nilifika Gombani adhuhuri kutafuta nafasi na nikawakuta wenzangu walioamka mapema zaidi. Nimevaa fulana yangu ya Hamburg. Imenibana tumboni, bendera imekuwa pana kuliko ilivyopakwa. Mama mmoja nyuma yangu alikuwa na ubuyu kwenye kifuko, kila shambulizi ananishika bega, mpaka mpira unakwisha bega langu lilikuwa jekundu. Mpwa wangu kaja na jezi ya Simba, nikamtazama, akasema nyengine hana. Na ni kweli, hakuna aliyempa nyengine. Hiyo niliyonayo mwilini ndiyo niliyompa, nikamnyang'anya asubuhi ile.

Mbili moja. Tumechukua.

Watu walimiminika mpaka barabara haionekani, honi, ngoma, vitoto vimepandishwa mabegani. Nikatafuta upenu pembeni nikapiga simu Copenhagen, napiga kelele mtu anisikie: "Tumemchapa Burkina Faso! Burkina Faso! Mbili moja, Gombani!" Huko nako wanapiga kelele, mtu kaangusha sahani. Nikageuka, yule mzee wa barzani kasimama hatua mbili kutoka kwangu, mkongojo mkononi, anasikiliza. Akafungua mdomo.

Nikampa mgongo, nikaendelea kusimulia.