Bakuli la mtama na boga la kuoka: nilivyofika hapo

Binti yangu anayesoma chuo hapa hapa Dodoma alipotangaza, mwezi wa tano mwaka jana, kwamba ameacha kula nyama na samaki, nilidhani ni jambo la wiki mbili. Mji huu si rahisi kwa mtu wa namna hiyo: mgeni akija hupelekwa mnadani Msalato kula nyama choma, na maharage, katika nyumba nyingi, huonekana ni chakula cha tarehe za mwisho wa mwezi. Wiki mbili zikapita, mwezi ukapita, naye akaendelea kula ugali na mchicha huku sisi wengine tukigawana kuku, mpaka nikaona haya kumpikia mwanangu chakula cha kusitiri njaa tu. Ndipo akanionyesha kwenye simu picha ya bakuli moja: chini nafaka nzima, juu yake vipande vya boga vilivyookwa mpaka kingo zikawa kahawia, majani mabichi, mbegu, na mchuzi mzito uliomiminwa kwa kijiko. Akaniuliza, "Mama, hiki tunakiweza?" Nilimjibu kwamba kila kilichomo tunacho, isipokuwa hiyo nafaka yao ya ng'ambo, na badala yake sisi tuna mtama. Nilisema hivyo kwa ujasiri ambao sikuustahili, kwa sababu bakuli la kwanza lililotoka jikoni kwangu lilikuwa uji wenye maboga.

Kosa la kwanza nililifanya sokoni. Katika soko la Majengo nilikuta mtama wa rangi mbili kwenye magunia yaliyokunjwa midomo, mwekundu na mweupe, nikachukua mwekundu kwa sababu niliona utapendeza pamoja na boga la njano. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeletwa huku na kazi, na mpaka siku hiyo mtama kwangu ulikuwa unga wa uji. Niliuchemsha saa nzima ukaiva vizuri, lakini ulikuwa na ukakasi wa kukausha ulimi. Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kutoka Mvumi kutujulia hali, alitafuna punje mbili, akazitema kiganjani, akasema kwa upole, "Huu ni wa pombe, mwanangu. Hata ndege hawautaki." Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenipa elimu yote kwa maneno machache. Mtama mwekundu wa aina hiyo una tanini nyingi chini ya ganda, ileile inayofanya chai ya rangi iliyokolea ikwaruze kinywa, na kwelea kwelea wanapokuwa na chaguo huuacha na kuvamia mweupe, ndiyo maana wenye mashamba ya mtama mweupe, kama ule wa mbegu ya Macia, hulazimika kuamka alfajiri kuwinga ndege. Kwa bakuli letu unahitajika huo mweupe unaogombaniwa na ndege.

Kosa la pili lilikuwa la mazoea ya wali. Nilipima mtama mweupe vikombe viwili, nikaupimia maji, nikafunika, nikasubiri maji yakauke kama ninavyofanya kwa mchele, nao ukashikana ukawa bonge. Sasa naupika kwa maji mengi yasiyopimwa, kama mtu anayechemsha tambi, kisha namwaga yanayobaki. Lakini kabla ya moto kuna kazi ya mikono ambayo haina njia ya mkato. Mtama wetu mara nyingi hupurwa juu ya ardhi, kwa hiyo huja na makapi na mchanga. Makapi nayapeta kwa ungo, na mchanga nautoa kwa kuzungusha mtama ndani ya beseni lenye maji tele, kisha kuuhamisha kwenye beseni la pili ungali unaogelea, ili mchanga ubaki chini. Narudia mara tatu au nne, mpaka kidole kikipita chini ya beseni kisikute chembe. Punje moja ya mchanga huharibu bakuli zima kuliko upungufu wa chumvi.

Baada ya hapo naulowesha usiku kucha na kuumwagia maji mapya asubuhi. Unaiva kwa dakika 50 hadi 60. Dodoma ipo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ambako maji huchemka karibu na nyuzi 96 badala ya 100, na ndiyo sababu mojawapo ya kutoziamini sana dakika zilizoandikwa na mtu anayepikia pwani. Namwamini jino: punje iliyoiva imepasuka kidogo, inavutika unapoitafuna, wala haina kiini cha unga. Chumvi naitia dakika kumi za mwisho. Kisha nauchuja na kuutandaza kwenye ungo uliotandikwa kitambaa safi, karibu na dirisha, na upepo wa Dodoma wa mwezi wa sita, ambao siku nyingine naulaani kwa vumbi lake, huukausha kwa muda mfupi mpaka kila punje ikasimama peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa chakula hiki kinadai nini. Sisi tumezoea vyakula vinavyokutana ndani ya sufuria moja na kubadilishana ladha katika mchuzi: makande, futari, maharage ya nazi. Bakuli hili linataka kinyume chake, yaani kila kitu kiive peke yake, kikauke peke yake, na unyevu uingie mwishoni kwa mkono wa mpishi. Boga ndilo lililonifundisha somo hilo kwa shida zaidi.

Kuhusu kulichagua, nasikiliza wauzaji wanaojua mashamba yao. Boga linalofaa lina kikonyo kilichokauka kama kijiti, ganda lisiloingia ukucha, na uzito unaouzidi ukubwa wake. Ndani liwe na nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea, boga lenye unga; la maji, lenye nyama ya njano hafifu, liache kwa mchuzi. La kwangu lilikuwa na kilo tatu hivi na ganda gumu kiasi kwamba kisu cha jikoni kilinasa katikati, na ilibidi mume wangu alipasue uani kwa panga, huku mama mkwe akimwelekeza mwanawe kana kwamba ana miaka kumi. Nusu niliihifadhi, nusu nikaimenya na kuikata vipande vya unene wa vidole viwili, vyote vya ukubwa mmoja ili vidogo visiungue kabla vikubwa havijaiva.

Jaribio la kwanza nilitumia oveni ndogo ya umeme. Nilivijaza vipande vyote katika sinia moja, vikapandana, nikatia chumvi mapema na kuviacha vikisubiri nikikaanga mbegu, kisha nikaweka nyuzi 180. Baada ya dakika 40 nilitoa boga la kuchemsha. Chumvi ilikuwa imevuta maji nje, vipande vilivyopandana vilikuwa vimepikana kwa mvuke, na boga linalokaa katika mvuke haliwezi kupata rangi, kwa sababu sehemu yake ya nje haitapanda sana juu ya joto la maji yanayochemka mpaka maji hayo yaishe. Ile kahawia tamu huja baada ya ukavu. Mara ya pili nilitandaza vipande bila kugusana, nikavipaka mafuta ya alizeti vijiko viwili vya mezani kwa kilo moja, nusu kijiko cha chai cha bizari nyembamba iliyosagwa, pilipili manga, na chumvi dakika ileile ya kuingiza, nikapandisha hadi nyuzi 210. Kingo zilikuwa zimeanza kubadilika rangi umeme ulipokatika.

Nilikaa dakika kadhaa nikiitazama oveni kama mtu anayengoja basi lililokwisha kupita. Kisha nikakumbuka kwamba nyumbani Tanga hatukuwa na oveni, na bado tulikula keki na mikate ya kumimina iliyopikwa kwa moto wa chini na wa juu. Nikawasha mkaa uani. Nilichukua sufuria kubwa nzito, nikamwaga mchanga mkavu chini kwa kina cha kidole kimoja, nikaufunika na kuupasha moto robo saa, nikapanga vipande kwenye sinia dogo la bati linaloingia ndani yake, kisha nikapalia makaa juu ya mfuniko bapa, mengi juu na machache chini, kwani chini mchanga tayari ulikuwa na joto lake.

Shida ilikuwa mvuke uleule, maana sufuria iliyofunikwa huushika kuliko oveni. Nilipofunua baada ya dakika kumi boga lilikuwa linatoka jasho. Nikakunja kipande cha waya na kukipachika ukingoni, mfuniko ukabaki na mwanya wa unene wa sarafu mbili upande mmoja, mvuke ukapata njia na majivu hayakuingia. Nikageuza vipande mara moja tu, kwa kisu bapa, bila kuvichokonoa. Takriban dakika ya 30 harufu ilibadilika kutoka ile ya boga la futari ninayoijua tangu utotoni, nzito na yenye maji, ikawa ya sukari inayokaribia kuungua. Nilipofunua, upande wa juu ulikuwa na madoa ya kahawia iliyokolea kwenye pembe, na kipande nilichobonyeza kilitoa ukinzani kidogo kabla ya kuachia. Binti yangu alikula vitatu akiwa amesimama, akijiunguza ulimi. Tangu siku hiyo umeme ukiwepo natumia oveni kwa nyuzi 210, dakika 35, lakini nakiri kwamba boga la mkaa ndilo tamu zaidi.

Vingine vilikuwa vyepesi. Kunde nililowesha pamoja na mtama, kila kimoja katika chombo chake, zikaiva kwa dakika 45 na kuchujwa. Kabichi nililikata nyembamba sana, nikalisugua kwa chumvi na limao. Mbegu za boga niliziosha utelezi, nikazianika nusu siku, nikazikaanga kavu kwenye kikaango kizito mpaka zikaanza kuruka. Nikaongeza zabibu kavu chache zilizoloweshwa ndani ya limao, ambazo kuzikosa ukiwa Dodoma ni aibu.

Kunde hazikuwekwa kwa ajili ya kujaza bakuli. Nilikuwa na wasiwasi wa mzazi kwamba mtoto atadhoofika, na niliposoma niliona kwamba protini ya mtama ina upungufu wa lisini, mojawapo ya vijenzi vya protini ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea, ambayo kunde zinayo kwa wingi, na kwamba vitamini C ya limao husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika vyakula vya mimea, wakati chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Mafuta juu ya boga nayo yana kazi, maana ile rangi ya chungwa ni karotini ambayo mwili huipokea vizuri ikiwa na mafuta. Vitamini B12 haimo katika bakuli hili hata kidogo. Kwa bahati nzuri binti yangu hakuacha maziwa wala mayai.

Mchuzi ni wa karanga na ukwaju. Nachukua vijiko vinne vya mezani vya karanga zilizokaangwa na kusagwa laini bila sukari, punje moja ya kitunguu saumu iliyopondwa, chumvi, pilipili kichaa nusu, na vijiko viwili vya maji mazito ya ukwaju. Asiyewahi kuufanya anaweza kukata tamaa hapa, kwa kuwa ukiongeza kimiminika kidogo karanga hukaza na kukatikakatika kama zimeharibika. Nilimwaga za kwanza kwa kudhani hivyo. Dawa ni kuendelea kutia maji ya vuguvugu kijiko kwa kijiko huku ukikoroga. Baada ya kijiko cha tatu au cha nne bonge huachia ghafla, likang'aa na kutiririka. Uwe mzito wa kushika mgongo wa kijiko, nao unamiminwa mezani, kamwe si jikoni, la sivyo mtama utaunywa wote na tutarudi kwenye uji.

Jumapili tulipoketi, mama mkwe alilizungusha bakuli lake mara mbili, akauliza mlenda uko wapi. Nilimweleza kwamba chakula hiki hakiendi na mlenda. Akaniangalia kwa huruma, akaenda kuuchota mwenyewe kutoka sufuria ya mchana, akauweka pembeni ya boga, akala kila kitu isipokuwa kabichi. Binti yangu alijaribu vivyo hivyo akasema si mbaya. Mimi sikubaliani nao, utelezi unaua ukavu wote niliouhangaikia, lakini sikusema.

Mtama uliobaki nilikuwa nimeuweka kwenye jokofu kwa ajili ya chakula cha mchana kazini. Hukakamaa ukipoa, ila ukinyunyiziwa maji kidogo na kupashwa moto hurudia ulaini wake. Nilipoamka Jumatatu nilikuta chombo kitupu kimeoshwa na kuinamishwa juu ya sinki, na mama mkwe ameketi barazani na bakuli la maziwa mgando, sukari, na mtama wangu. "Hivi ndivyo unavyoliwa," aliniambia, akasogea ili nami nikae.